Hatua Tatu za Barabara

Shida yangu ilianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikufa wakati wa mvua ya kwanza, mahindi yakiwa hayajafika magotini, na masomo yangu yakaishia hapo. Nilikuwa darasa la tatu. Ndiyo, miaka kumi na miwili, darasa la tatu. Kwetu ng'ombe walikuwa wa kwanza na shule ya pili. Mwalimu alikuja kuniulizia mara moja, akamkuta mama anapalilia, akaangalia shamba, akaangalia watoto, akarudi zake. Kusoma nilijifunza baadaye kwa Biblia na kwa maandishi ya magunia ya mbolea. Haya unayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu. Binti yangu amenyoosha tu mahali mistari imepinda.

Ninaandika juu ya barabara. Watu wa mtaa wetu hapa Kitale wanaipenda sana. Wanavaa viatu safi, wanasimama kwa lami, wanapanda gari bila tope. Mimi niliipigania, na kwenye ile barua ya kuiomba sahihi yangu ndiyo ya kwanza. Sasa nitasema ilinifanyia nini, na mimi niliifanyia nini, maana sitaki kudanganya mtu.

Kwetu ni Kabuchai, upande wa Bungoma. Baada ya baba kufa, ndugu yangu mdogo alibaki na mama na shamba. Mimi nikaenda Misikhu kubeba mizigo sokoni. Ndizi, mahindi, kuku katika tenga, hata kitanda cha mtu nilibeba kichwani. Miaka ikaenda hivyo. Nikapata baiskeli, nikawa boda boda Bungoma mjini. Vijana wa leo wakisikia boda boda wanafikiria pikipiki. Sisi tulikuwa injini sisi wenyewe. Ukimbeba mama wa kilo tisini pamoja na debe lake la maharagwe kupanda mlima, hapo utajua kama uliamka vizuri.

Nikahamia Kitale kwa sababu nilisikia ni mji wa watu wanaojenga. Ilikuwa kweli. Na baiskeli ilinifundisha kitu ambacho wenye digrii hawajui: mji unafuata mizigo, haufuati ramani. Mwezi huu unambeba fundi na kamba yake na timazi. Mwezi ujao unabeba mabati manne yamefungwa ubavuni, yanakukata goti. Halafu unabeba mama na godoro. Halafu unabeba mwalimu. Ukishabeba mwalimu, hapo pameshakuwa mtaa. Niliwaona wote wanaelekea Kibomet, nje ya mji, na kila mwezi walikuwa wanashukia mbali kidogo kuliko mwezi uliopita. Nikaenda mbele yao. Nikanunua ploti mahali ambapo hata umeme ulikuwa bado hauonekani kwa macho.

Wenzangu wa steji, pale tulipongojea abiria, walinicheka.

"Ati umenunua nini? Shamba la fuko?"

"Fuko atahama," nikawajibu. "Nyinyi mtakuja kupanga kwangu."

Wawili kati yao walikuja kupanga kwangu kweli. Mmoja alikaa miaka sita.

Aliyeniuzia ploti alikuwa mzee wa zile familia zilizotoka mkoa wa Kati zikaja Trans-Nzoia kulima. Mtu wa maneno machache. Tulizunguka mguu kwa mguu, akanionyesha bikoni, yale mawe ya mpimaji, moja kila kona, mawe manne.

"Yako inaishia hapa," akasema, akigonga jiwe la mbele na kiatu. "Hapo mbele imeachiwa barabara."

"Barabara gani, mzee?"

"Ile itakuja."

Hakukuwa na barabara. Kulikuwa na njia ya ng'ombe, upana wa mtu na mwenzake. Lakini kwa karatasi ilikuwa imeachiwa nafasi pana kama uwanja wa mpira, na hiyo nafasi yote ilikuwa magugu.

Hapa lazima nieleze tabia moja ya watu wetu wa huku. Tulikuwa tunakula barabara. Kila mtu. Mkulima hawezi kuangalia udongo mweusi umelala bure mbele ya mlango wake. Mwaka wa kwanza unalima hatua moja kupita jiwe. Jirani akikuona, analima mbili. Ukimwona jirani, unalima tatu. Halafu mnahamisha ua. Unapanda kayaba huko nje, miiba inashikana, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka jiwe liko wapi. Tulisema si wizi, ni kutunza ardhi. Mzee wa kanisa alikula barabara. Mwalimu alikula. Mimi nilikula hatua tatu, nikazipima kwa miguu yangu mwenyewe.

Mke wangu hakupenda. Siku niliyochimba mashimo ya kayaba alikuja akasimama nyuma yangu na ndoo.

"Baba watoto, hiyo si yetu."

"Ni ya nani? Ya ng'ombe?"

"Ni ya barabara."

"Barabara ikija itaniambia."

"Itakuambia kwa mdomo gani, na wewe huwa husikii mtu?" Akacheka, akaenda zake kuchota maji.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akatoka na jembe, akapanda mboga za saga na kunde pale pale kwa hatua tatu, kwa sababu udongo ulikuwa mzuri, na hata mtu wa kanisa anajua udongo mzuri. Miaka mingi alichuma mboga hapo na kuziuza juu ya ua kwa watu wanaopita. Walimzoea. Wengine walikuwa hawajui jina langu, wananiita bwana ya mama mboga.

Basi mji ukafika. Yale mashamba ya mahindi ya mbele yetu yalikatwa ploti za futi hamsini kwa mia, hamsini kwa mia, mpaka yakaisha. Mwaka mmoja unasikia vyura, mwaka unaofuata unasikia jenereta. Baiskeli zikafa, nikanunua pikipiki. Pikipiki zikawa nyingi kama nzi, nikakaa chini nikawa mwenyekiti wa steji. Na shida ya mtaa wetu ilikuwa moja tu: matatu ziliishia kwa lami kubwa. Kutoka hapo watu walitembea, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Wajawazito walibebwa kwa mkokoteni. Watoto walifika shule wamechoka kabla ya somo la kwanza.

Mimi ndiye niliyezileta matatu ndani. Nisifiwe au nilaumiwe, ni mimi. Kila Jumamosi nilitoa watu wa steji, tukajaza mashimo kwa vipande vya matofali. Nikaenda kuwabembeleza madereva mmoja mmoja. Wa kwanza alikubali kuingia akisema akikwama nitamsukuma mimi. Alikwama mara mbili, nikasukuma mara mbili. Walipozoea, wakafanya mwisho wa safari mbele ya ua wangu, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kugeuza gari. Hapo pakawa steji. Na tukaandika barua ya kuomba lami, nikaenda nayo nyumba kwa nyumba, kuanzia yangu.

Mke wangu hakuiona lami. Ugonjwa wa sukari ulimmaliza. Miaka kumi sasa imepita.

Alipokufa, watu wa ukoo walikuja kutoka Kabuchai na lori la kukodi, ndugu yangu mdogo akiwa mbele kando ya dereva. Kwa desturi yetu mke hulala kwa boma la wazazi wa bwana yake. Hawakuja kuuliza. Walikuja kuchukua.

"Kaka, pole sana," ndugu yangu aliniambia mbele ya watu wote waliokaa kwa viti vya plastiki. "Tumekuja kumchukua shemeji. Shimo limeshachimbwa, kando ya kaburi la mama."

"Nani aliwaambia mchimbe?"

"Sasa ulitaka tuambiwe? Huyu si wetu?"

"Analala hapa. Hapa ndiyo kwake."

Wazee waliguna. Ndugu yangu akaangalia ile ploti yangu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na haikumchukua muda. "Kaka, ploti si boma," akasema. "Ploti ni mahali pa kulala."

Hayo maneno yaliniingia kama mwiba wa kayaba. Nikasimama. Mtu aliyefiwa hafai kusimama na kusema mambo mengi, lakini nilisema.

"Nilitoka kwenu mikono mitupu. Hakuna aliyenipa hata mpini wa jembe. Hapa nimejenga mimi. Mke wangu hatalala katikati ya miwa yenu kama panya wa shamba. Na mimi nikifa, mkinipeleka Kabuchai, nitatoka kwa sanduku nirudi Kibomet kwa miguu. Shamba la baba chukueni lote. Mlime mpaka mlangoni. Sitaki hata shina moja."

Ndugu yangu alivaa kofia, akapanda lori, na wengi wao wakapanda naye. Shimo likishachimbwa kwetu haliachwi tupu, kwa hivyo walirudi wakazika mgomba. Walikata mgomba, wakaushusha kwa kamba vile mtu anashushwa, wakafukia. Niliambiwa baadaye. Wakati huo niliona ni mambo ya kuchekesha.

Mimi nilimzika mbele, kando ya ua, pale kwa mboga zake. Nilijengea kaburi vizuri, kwa vigae vyeupe. Nilijua ninachofanya. Mahali penye kaburi ni boma, na nilitaka kila mtu anayeshuka gari Kibomet aone kwamba mimi si mpangaji na si mpita njia. Je, nilikumbuka jiwe la mpimaji? Hapo ndipo sijui niseme nini. Nilikuwa nimepanda kayaba mimi mwenyewe. Siku ile sikulifikiria. Au nililifikiria nikalifukuza.

Makanga wa matatu hawakukawia. Mwezi haujaisha nikasikia, "Kaburini! Wa Kaburini mshuke!" Nilitoka na fimbo.

"Wewe! Hilo ni jina gani?"

"Mzee wangu, usikasirike," makanga akasema, mguu mmoja bado kwa mlango wa gari. "Si ni heshima? Kuna wakubwa wamekufa na hawajawahi kupewa steji."

Abiria walicheka, na mimi pia nilicheka. Mpaka leo panaitwa hivyo. Kusema kweli nilijivuna. Na nikaendelea kujenga. Steji inaleta wapangaji, kwa hivyo nikaweka chumba, nikaweka kingine, choo, tangi, kingine tena, mpaka ikabaki nafasi ya kupita mtu na ndoo yake. Ardhi yote iliyokuwa ndani ya mawe ikawa kuta. Kilichobaki wazi ni kaburi.

Halafu lami ikakubaliwa. Tuliitwa kwa mkutano, tukapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele. Nilipewa soda ya kwanza kama mwenyekiti. Hakuna aliyeuliza barabara itapita wapi. Kila mtu aliona ile njia tunayoiona, na ilionekana inatosha.

Wapimaji walikuja asubuhi moja na makopo ya rangi nyekundu. Aliyewaongoza alikuwa msichana mdogo, umri wa mjukuu wangu kama ningekuwa naye, kofia ya plastiki, simu kubwa mkononi. Alinisalimia vizuri.

"Habari ya asubuhi, mzee. Tunatafuta bikoni yako."

"Iko kwa ua."

"Simu inasema iko ndani."

"Simu ilizaliwa Kibomet?"

Vijana wake walicheka lakini yeye hakucheka. Alitembea akiangalia simu, akapita kaburi, akaendelea kuja upande wa nyumba, akasimama. "Chimbeni hapa." Walichimba kwa jembe. Mara ya tatu jembe likalia. Jiwe lilikuwa palepale lilipoachwa, na chuma chake katikati. Kaburi lote, kichwa mpaka miguu, lilikuwa nje.

Msichana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, huyu ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Pole." Akaangalia karatasi yake kana kwamba huko kuna ruhusa ya kumsaidia mtu. Hakukuwa na kitu. Mwenye kopo la rangi akasimama, hajui afanye nini.

"Mzee, nipake wapi?"

"Si hiyo ndiyo kazi yako? Paka."

Akapaka msalaba mwekundu kwa vigae, upande wa miguu. Nakumbuka alifuta tone lililoanguka, akafuta kwa shati lake.

Siku hiyo mtaa mzima ulikuwa na rangi. Mwalimu alipoteza ukuta. Mzee wa kanisa alipoteza choo, na watu walimtania ati atahubiri juu ya zile amri kumi haraka haraka akiruka ya nane, ile ya usiibe. Tulikuwa tumekula pamoja na tukatapika pamoja. Lakini wengine walitapika ua na vibanda. Hakuna mwingine aliyekuwa ameweka mtu hapo. Na fidia haikuwepo, maana huwezi kulipwa kwa kitu ulichochukua.

Nilidhani ninajua la kufanya. Nilimwambia mpangaji wa chumba cha mbele atafute pengine; nitabomoa, nitamsogeza mke wangu ndani ya mawe. Nikaenda kuomba kibali. Afisa wa afya alinipa kiti, akasoma ombi langu mara mbili.

"Kufukua, tutakuruhusu. Kuzika tena kwa ploti, hapana. Kibomet sasa ni mji, mzee. Kuna makaburi ya umma."

"Nilimzika hapo hapo miaka kumi iliyopita, na hakuna mtu aliyenizuia."

"Wakati huo palikuwa mashambani."

"Nani alihamisha mji ukanifuata?"

Hakuwa mtu mbaya. Akafungua faili nyingine, akanionyesha nakala ya ile barua yetu ya lami. "Si nyinyi mliandika hapa, ati eneo letu limekuwa mji na tunastahili huduma za mji? Hii si sahihi yako?"

Ilikuwa yangu. Herufi kubwa, zimeinama kidogo, za mtu wa darasa la tatu.

Nilienda kuangalia hayo makaburi ya umma. Vibao vina namba. Mbuzi wa watu walikuwa wanakula hapo. Mke wangu aliuza mboga kwa mtaa mzima na kila mtu alimwita mama. Sasa awe namba? Nilipiga simu kwa binti yangu. Akasema kitu ambacho mimi sikutaka kukisema: "Baba, nenda Kabuchai uongee na baba mdogo."

Miaka kumi nilikuwa sijakanyaga huko. Nilikuta miwa imesogea mpaka ukutani mwa nyumba ya marehemu mama, kama nilivyowaambia. Ndugu yangu alikuwa nje anakata majani ya ng'ombe. Aliniona tangu barabarani, na aliendelea kukata.

"Mulembe," nikamsalimu kwa lugha yetu.

"Mulembe, kaka. Umekuja na miguu?"

Nilijua anachosema. Nilivumilia. Mke wake alitoka na kiti na chai, akaniuliza habari ya watoto, akarudi ndani haraka. Nikaeleza yote, jiwe, rangi, kibali. Ndugu yangu alisikiliza akiwa amesimama na panga.

"Kwa hivyo ile ploti haikuwa boma," akasema.

"Haikuwa."

"Sema tena, sikio langu moja limekufa."

"Haikuwa boma."

"Shimo lake la kwanza liko pale." Akaelekeza panga katikati ya miwa. "Nilizika mgomba ndani. Nilimlilia mgomba, kaka. Watoto wangu wananiuliza, baba, huyo ni nani, nasema ni shemeji yenu... nilichanganyikiwa, nikasema shemeji yenu badala ya mama yenu mkubwa. Unajua aibu ya mwanaume kushusha mgomba kwa kamba, watu wakiangalia?"

Chai ilipoa.

"Tutampokea," akasema mwishowe. "Yeye ni wetu tangu siku alipoolewa akavuka hiyo mifereji ya mpaka wetu. Wewe ndiye hatukujui vizuri. Lakini yale maneno uliyasema mbele ya watu. Utakuja uyatoe mbele ya watu."

"Wote?"

"Wale wako hai."

Nilikuwa sijawahi kuomba mtu msamaha mbele ya watu. Sikuomba msamaha kwa polisi wa Bungoma walipoipiga teke baiskeli yangu. Sikuomba kwa mwenye nyumba wangu wa kwanza Kitale. Nilirudi Kibomet nikakaa juma zima. Katapila zilikuwa zimeanza upande wa lami kubwa, na kila asubuhi sauti ilikuwa karibu zaidi. Makanga walipunguza kelele mbele ya kaburi, na hiyo heshima yao iliniumiza kuliko kelele.

Tulimfukua siku ya Jumatano asubuhi, pasta akisoma, watu wa afya wakiwa wamevaa nguo nyeupe mpaka kichwani. Vigae vilivunjwa kwa nyundo. Sitaandika tulichokiona. Nitasema tu kwamba sanduku jipya lilikuwa dogo, na mtu mmoja angeweza kulibeba, na mimi nilikataa kusaidiwa.

Nilikuwa nimekata mgomba kwa jirani ili tufukie shimo kwa desturi. Msimamizi wa barabara akaja mbio. "Mzee, hapana. Mgomba utaoza chini, lami itazama. Magari yatasimama hapa."

"Shimo haliachwi tupu."

"Halitakuwa tupu. Tutajaza mawe."

Waliutoa mgomba kando, wakamwaga lori moja la mawe, wakashindilia. Ile mashine ilipita juu mara nne. Hivi ninavyoandika, matatu zinasimama hapo hapo kushusha watu.

Kabuchai tulifika saa nane mchana. Watu walikuwa wengi kuliko wale wa miaka kumi iliyopita, maana habari ya mzee kuja kumeza maneno yake inatembea haraka. Nilisimama mbele ya kiti cha ndugu yangu, sanduku likiwa juu ya meza. Nikasema nilitoa maneno mabaya juu ya boma la baba yangu, na juu ya miwa, na juu ya kurudi kwa miguu. Nikasema nimeyarudisha. Kikongwe mmoja nyuma akapaza sauti, "Hatujasikia!" Kwa hivyo nikayasema mara ya pili, kwa nguvu kama makanga. Wengine walicheka. Ndugu yangu hakucheka. Alinipa mkono wake, na huo mkono ulikuwa mgumu na mkavu, mkono wa mtu aliyelima peke yake miaka hamsini huku mimi nikijivunia mikono mitupu.

Alimpa mke wangu mahali pazuri, kando ya mama, aling'oa miwa mistari minne. Tulipomaliza kufukia, nilipima kwa macho upande wa kushoto wa kaburi. Mwanaume hulala karibu na mke wake. Nikamwuliza ndugu yangu, polepole, kama huo upande utaachwa.

Alipangusa udongo kwa jembe kabla ya kujibu.

"Shamba nimeshawagawia vijana, kaka. Ulisema hutaki hata shina. Huu mstari ni wa kifungua mimba wangu. Ukitaka, utamwomba yeye."

Huyo kijana alikuwa hapo hapo, amesimama na koleo. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu. Alinitazama kwa adabu, vile unamtazama mgeni wa kanisani. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshaomba mara mbili siku hiyo. Nikaufunga. Nikapanda gari la kurudi Kitale, na lilinishusha mlangoni kwangu, kwa lami, viatu vikiwa safi.

Sijamwomba bado. Afya yangu si mbaya, lakini miguu inavimba.

Leo ninamiliki vitu hivi. Ploti moja Kibomet, kutoka jiwe hadi jiwe, na hati yake kwa jina langu. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu. Vyumba saba vya kupangisha, vyote vina watu. Tangi la lita elfu tano. Pikipiki mbili, moja ni mbovu. Kuku kumi na mmoja. Majembe mawili, panga moja, mkokoteni. Redio. Suti ya kanisa na viatu vyake. Kabuchai, sina kitu.